Swali la Lugha: "Safu" Ipi, na "Kubadilisha" Nini?

Msomaji wetu wa Moshi, mwanafunzi anayechambua data za jeni, ametuletea sentensi aliyoiandika katika mwongozo wa maabara: "Badilisha matriksi ya vitone kuwa vekta kwa kusoma safu moja baada ya nyingine, kisha ibadilishe vekta kuwa matriksi." (Matriksi ni jedwali la namba, hapa namba moja kwa kila kitone kilichopimwa, na vekta ni namba hizohizo zikiwa zimepangwa katika orodha moja.) Anaeleza kwamba mwenzake mmoja aliitengeneza vekta kwa R, mwingine akairudisha kuwa matriksi kwa Python, zote mbili zikiwa lugha za kuandikia programu za kompyuta, na vitone karibu vyote vikahama mahali pake. Anauliza kama kosa ni la programu au la Kiswahili chake.

Programu hazina kosa. Tatizo limo katika neno "safu", ambalo katika matumizi ya kila siku halisemi kama kitu kimelala au kimesimama. Anayetoka Moshi kwenda Same huiona safu ya milima ya Upare ikiwa imelala kando ya barabara, ilhali mwandishi mwenye safu yake gazetini ana maandishi yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Mwongozo unaposema "safu" tu, kila mtu hufuata desturi ya programu yake: R huvipanga vipengele vya matriksi kwa kushuka safu wima, na NumPy, maktaba ya Python, isipoagizwa vinginevyo huenda kwa safu mlalo. Maneno "safu wima" na "safu mlalo" yamekwisha kuzoeleka kwa watumiaji wa majedwali ya kompyuta, nami sioni sababu ya kuyakwepa.

Tuchukue slaidi ya maikroarei, yaani kioo kilichochapwa vitone vya DNA, ambayo fungu lake moja lina safu mlalo 22 na safu wima 24. Kitone kilicho katika safu mlalo ya 5 na safu wima ya 3 huwa cha 49 katika vekta iwapo umesoma kwa wima, na huwa cha 99 iwapo umesoma kwa mlalo. Kwa kuwa jumla ni vitone 528 kwa njia zote mbili, kompyuta hailalamiki, lakini mtafiti anayetafuta sehemu ya kioo iliyochafuka au kukwaruzwa atakuwa anatazama pasipo penyewe. (Msomaji amefanya vyema kuandika "kitone" badala ya "doa", maana doa litahitajika kuutaja uchafu wenyewe.)

Kitenzi "kubadilisha" nacho kinabeba mzigo mkubwa mno. Katika uchambuzi huohuo, vipimo vya mwangaza hubadilishwa kuwa logi za kizio cha 2, na hapo ni thamani zenyewe zinazobadilika. Matriksi inapopangwa kuwa vekta, hakuna namba hata moja inayoguswa ila mahali pake tu. Ningekiacha "kubadilisha" kwa kazi ile ya kwanza, na kwa hii ya pili ningetumia "kukunjua" na "kukunja". Jozi hii ina faida ambayo Kiswahili kinatupa bure, kwani kauli ya kutendua, kama katika "funga" na "fungua" au "ziba" na "zibua", humwambia msomaji kwamba tendo moja linaliondoa lingine, na kwa hiyo ni lazima yote mawili yafuate njia ileile.

Sehemu ya pili ya agizo lake ilipungukiwa pia na vipimo, kwa sababu vitone 528 vinaweza kukunjwa kuwa 24 kwa 22 bila shida yoyote. Ningeiandika hivi: "Kunjua matriksi ya vitone kuwa vekta kwa kufuata safu wima, kuanzia ya kwanza kushoto, kila moja ikisomwa kutoka juu kwenda chini, kisha kunja vekta hiyo, safu wima baada ya safu wima, kuwa matriksi yenye safu mlalo 22 na safu wima 24." Ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini anayetumia Python ataiona mapema haja ya kuiagiza programu yake ifuate wima.