Tofali la udongo huanza kuharibika kabla halijafyatuliwa

Wiki hii msomaji mmoja wa Kibaha amenitumia picha ya ukuta wa nyumba yake ya matofali ya kufungamana, yaani ya udongo na saruji kidogo yaliyoshindiliwa kwa mashine. Kozi tatu za chini, yaani mistari ya matofali, zimemomonyoka baada ya masika moja tu. Kingo zimelika, na anasema ukipitisha kidole unga unadondoka. Majirani wanamwambia alikosea kuacha tofali za saruji. Anauliza: avunje, au apige plasta juu yake?

Nitamjibu mwishoni, maana kwanza tujue tofali lake lilikosewa wapi. Nakiri kwamba picha kama hizi zinaniuma. Ukuta mmoja ukiharibika, mtaa mzima unarudi kwenye tofali za kuchoma, na tanuru linarudi kula miti. Udongo unabeba lawama ya kosa la kipimo.

Katika ujumbe wake kuna namba moja inayoeleza karibu kila kitu: fundi alitoa matofali 150 kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10, likishindiliwa vizuri, lina uzito wa kilo 8 na kidogo. Matofali 150 ni zaidi ya kilo 1,200. Saruji hapo ni asilimia 4 ya uzito. Udongo ulio mzuri kabisa unataka angalau asilimia 5, na udongo mgumu kufanya nao kazi unafika 10. Lakini fundi hakuwa na namna ya kujua udongo ule ulitaka ngapi, kwa sababu haukupimwa.

Kupima udongo hakuhitaji maabara. Ondoa kwanza udongo wa juu, sentimita 30 au zaidi, mpaka mizizi na weusi wa mboji viishe. Mboji inazuia saruji kushika, kwa hiyo udongo huo urudishe bustanini. Chukua wa chini yake, ujaze theluthi ya chupa angavu yenye kuta zilizonyooka, ongeza maji karibu ijae na chumvi kidogo, tikisa sana, acha saa moja, tikisa tena, kisha iache itulie mpaka kesho. Mchanga unakaa chini ndani ya dakika moja, tope laini linafuata, na mfinyanzi unakaa juu ya vyote. Unachotafuta ni mchanga na changarawe ndogo karibu asilimia 70, na mfinyanzi kati ya 15 na 25. Kumbuka kwamba mfinyanzi ukilowa huvimba, kwa hiyo chupa inauonyesha mwingi kuliko ulivyo.

Chupa inakupa picha tu. Kipimo kinachoamua kiasi cha saruji ni kisanduku, na hiki ndicho mafundi wengi wanakiruka. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipake mafuta ndani. Lowesha udongo uliochekechwa, ujaze na kuushindilia vizuri mpaka kwenye pembe, sawazisha juu, kisha uweke juani siku tatu au kivulini siku saba, usinyeshewe. Ukikauka, usukume wote upande mmoja na upime pengo lililobaki.

Pengo likiwa chini ya milimita 12, tumia saruji sehemu moja kwa udongo sehemu 18. Kati ya 12 na 25, moja kwa 16. Kati ya 25 na 38, moja kwa 14. Kati ya 38 na 50, moja kwa 12. Likizidi 50, usikimbilie saruji: ongeza mchanga, ndoo moja kwa kila ndoo nne za udongo, na upime upya. Udongo mweusi wa mbugani, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, usiutumie kabisa.

Upande wa pili wa tatizo ni udongo wenye mchanga mwingi mno, na ukanda wa Pwani umejaa huo. Kwenye kisanduku hausinyai, kwa hiyo unaonekana mzuri, lakini tofali linavunjika pembe wakati wa kulitoa kwenye mashine, kwa sababu hakuna mfinyanzi wa kulishika kabla saruji haijakomaa. Dawa yake ni kuchanganya na udongo mwekundu wenye mfinyanzi kutoka sehemu nyingine, ndoo kwa ndoo, ukijaribu tofali moja moja. Ndiyo maana nasema soma chupa na kisanduku pamoja.

Kwenye kuchanganya, pima kwa ndoo, acha kupima kwa koleo. Mfuko wa saruji una lita 35 hivi, kwa hiyo kwa moja kwa 12 unahitaji lita 420 za udongo, yaani ndoo 21 za lita 20. Usichanganye mfuko mzima kwa mpigo. Changanya nusu, kwa sababu mchanganyiko uliotiwa maji unatakiwa uishe ndani ya nusu saa, na ukipita saa moja saruji imeanza kushika na kila tofali unalofyatua ni dhaifu. Chekecha kwa wavu wa milimita 5 au 6. Geuza mkavu mpaka rangi iwe moja, ndipo unyunyize maji kwa keni ya bustani. Kumwaga kwa ndoo kunafanya madonge. Finya tonge mkononi, uliache lianguke kutoka kifuani kwenye sakafu ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likisambaa unga, bado. Likibandika kama ugali, umezidisha, na tofali litakuwa na vishimo vya maji ndani.

Mashine za mkono za leo ni wajukuu wa CINVA-Ram, iliyobuniwa Bogotá, Colombia, miaka ya 1950, na kanuni haijabadilika: kiasi kilekile cha udongo kila mara. Mkono wa mashine ukishuka bila ukinzani, udongo ni mchache na tofali ni jepesi. Chukua mzani, pima tofali moja katika kila kumi. Pima na unene pia. Matofali haya yanapangwa bila udongo wa kuunganishia, kwa hiyo kosa halina pa kujificha: upande mmoja ukizidi milimita 2 tu kwa kila tofali, kwenye kozi ya 25 pembe moja ya nyumba iko juu kwa sentimita 5.

Kisha kumwagilia. Tofali jipya linakaa kivulini, limefunikwa nailoni au majani, siku ya kwanza bila kubebeshwa jingine juu yake. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, ukifunika kila mara, halafu subiri zitimie 28 tangu kufyatuliwa. Saruji haikauki tu, inakomaa kwa maji, na tofali lililoachwa juani siku ya pili limepoteza saruji uliyoilipia. Kabla ya kujenga, tumbukiza matofali matatu kwenye maji kuanzia jioni hadi jioni. Kingo zikimegeka kwa vidole, rundo hilo lisipande ukutani.

Msingi uwe wa mawe au zege, utoke juu ya ardhi angalau sentimita 30, uwe na karatasi ya nailoni nzito ya kuzuia unyevu, na kozi ya kwanza ya tofali la udongo ilazwe kwenye kiunganishio cha saruji moja kwa mchanga tatu, ikipimwa kwa kamba na pima maji hata kama itakula siku nzima. Juu funga lenta, yaani mkanda wa zege, kuzunguka nyumba yote. Paa litokeze sentimita 60 au zaidi. Adui mkubwa wa ukuta wa chini ni matone yanayodunda kutoka ardhini, na ukanda wa zege na mfereji vinamaliza habari hiyo.

Sasa plasta, maana hapa ndipo watu wanapoteza faida yote. Chukua nyumba yenye ukuta wa mita za mraba 120. Unahitaji matofali 33 kwa kila mita, jumla kama 4,000, na 300 ya kuvunjika. Kwa kipimo cha moja kwa 12 mfuko unatoa matofali 62 hivi, sawa na mifuko 70. Kwa moja kwa 16 unatoa 80, mifuko 54. Ukuta huohuo kwa tofali za saruji za inchi sita, 30 kwa mfuko, unakula mifuko 37 ya tofali, kama 11 ya kujengea, na karibu 30 ya plasta ndani na nje: 78. Tazama vizuri. Kwa ukuta uleule, matofali ya udongo yenyewe yamekula saruji nyingi kuliko ya saruji. Akiba iko kwenye kiunganishio usichotumia na plasta usiyopiga. Ukilipiga plasta pande zote, unafika mifuko 84 hadi 100, na umechafua hewa kuliko jirani, kwa sababu saruji inachomwa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi na mawe yake ya chokaa yenyewe yanatoa hewa ya ukaa. Kwa hiyo anayetaka nyumba inayojali mazingira atafute udongo wa moja kwa 16 au 18, na akubali ukuta ubaki na sura ya tofali.

Kwa msomaji wa Kibaha: usivunje bado, na usipige plasta ngumu ya saruji. Plasta hiyo ina nguvu kuliko tofali lililo nyuma yake, inafungia unyevu ndani, na itaanguka na uso wa tofali. Anza na maji: weka mfereji wa paa, chimba mtaro wa kutoa maji, mwaga ukanda wa zege wa sentimita 60 ulioinama kwenda nje. Subiri ukuta ukauke kiangazi chote. Kwangua unga wote mpaka ufike pagumu, lowesha kidogo, na uzibe kwa udongo uleule uliochekechwa, saruji moja kwa nane, ukiumwagilia na kuufunika siku saba. Lakini ukikwangua na kukuta umeingia zaidi ya sentimita 5 bila kufika pagumu, kozi hizo zibadilishwe kwa tofali za saruji, kipande cha mita moja kwa wakati mmoja, nyumba ikiwa imeegemezwa na magogo, na kazi hiyo mpe fundi aliyewahi kuifanya.