Maswali ya wasomaji: Pakeji yangu ya kwanza ya R, naiachiaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Morogoro namalizia masters ya takwimu. Mwaka mmoja na nusu sasa nimekuwa naandika fankisheni za R za kukokotoa wastani na jumla kwenye tafiti za kaya, zile za kuweka uzito wa sampuli, mwanzo zilikuwa zangu tu alafu wenzangu darasani wakaanza kuziomba mpaka nikazifunga pamoja zikawa pakeji. Sasa msimamizi wangu anasema niipeleke CRAN watu wote waipate. Nimeipitisha kwenye R CMD check, ule ukaguzi wa pakeji wa R yenyewe, imeniletea makosa sifuri, maonyo mawili na noti nne, nikaogopa nikafunga laptop. Onyo moja linalalamikia herufi zisizo za ASCII (ile orodha ya msingi ya herufi na alama za kompyuta) na mimi nimeandika Kiswahili kitupu! Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana, maana kitu kinachoombwa na wenzako darasani kabla hujakitangaza popote hicho tayari kina kazi ya kufanya. Kwa wasomaji wengine: R ni programu huria ya takwimu iliyoanzia Auckland, New Zealand, kwa Ross Ihaka na Robert Gentleman, toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000, na CRAN ndiyo hazina ya pakeji zake, ipo tangu 1997, makao yake makuu Vienna. Ukishaingia humo mtu yeyote popote duniani anaandika mstari mmoja tu na pakeji yako iko kwenye mashine yake. Na huyo mtu hakujui, hana namba yako ya simu, hawezi kukuuliza "hapa ulimaanisha nini". Mimi maandalizi yote nayapima kwa huyo mtu.

Kwa hiyo fungua laptop, ila hayo maonyo yaache kwanza. Anza na namba.

Chukua daftari na kalamu, kabisa. Weka vijiji viwili, kimoja kina kaya 300 kingine kaya 60, kila kimoja umechagua kaya tatu. Kaya ya kijiji kikubwa inawakilisha kaya 100, ya kijiji kidogo inawakilisha 20. Mbuzi: kijiji kikubwa 2, 4 na 3, kijiji kidogo 10, 8 na 12. Ukijumlisha hovyo unapata mbuzi 39 kwa kaya sita, wastani 6.5. Ukiweka uzito unapata 900 kijiji kikubwa na 600 kijiji kidogo, jumla 1,500 kwa kaya 360, yaani wastani 4.17. Tofauti ya 6.5 na 4.17 ndiyo sababu pakeji yako ipo, sasa hayo majibu ya daftarini yaandike kama jaribio kwenye folda ya tests (andika 1500/360, siyo 4.17 iliyokatwa), ili kila ukibadilisha kitu kompyuta yenyewe ikwambie kama 4.17 bado ni 4.17. Usilinganishe kwa alama mbili za usawa (==) lakini, kwenye R ukiuliza kama 0.1 + 0.2 ni sawa na 0.3 inakujibu FALSE, tumia all.equal au expect_equal ya pakeji ya testthat zinazovumilia vitofauti vya mwisho kabisa.

Alafu haribu data kwa makusudi. Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu yalinikuta. Pakeji yangu ya kwanza niliijaribu kwa data zangu tu ambazo nilikuwa nimezisafisha mwenyewe, haina hata shimo moja, ikapita vizuri nikafurahi nikamgawia mwenzangu. Data zake zilikuwa na NA, alama ya R ya jibu lililokosekana. Fankisheni yangu ilikuwa inaitoa ile kaya isiyo na jibu kwenye jumla ila uzito wake inauacha chini kwenye kugawanya. Rudi kwenye mbuzi wetu uone: ile kaya yenye mbuzi 4 ikikosa jibu, jumla inakuwa 1,100 na uzito uliobaki ni 260, wastani 4.23. Yangu ilikuwa inagawanya kwa 360 na kutoa 3.06, bila onyo, bila kelele yoyote, namba safi kabisa yenye desimali zake. Tuligundua ripoti imeshaandikwa mpaka ukurasa wa mwisho. Kosa linalosimamisha programu halinipi shida, linaloniogopesha ni hili linalotoa jibu.

Kwa hiyo jaribu NA kwenye thamani, NA kwenye uzito, uzito hasi, safu iliyosomwa kama maandishi kwa sababu mtu kaandika "kumi" badala ya 10, na jaribu kijiji chenye kaya moja tu kwenye sampuli. Hicho cha mwisho wengi wanakisahau, ukitafuta variansi, kipimo cha namna thamani zinavyotawanyika, unagawanya kwa n kutoa moja, na n ni moja, R yenyewe ukiiambia var(5) inakurudishia NA. Amua pakeji yako itafanya nini hapo na iseme kwa maneno yanayoeleweka, mfano "kijiji namba 7 kina kaya moja tu, variansi haiwezi kukadiriwa". Ukimaliza linganisha majibu yako na pakeji ya survey ya Thomas Lumley ambayo watu wameitumia miaka mingi. Mkitofautiana usiseme haraka kwamba wewe ndiye umekosea, ila usilale mpaka ujue kwa nini.

Kitu kidogo: kama majaribio yako yanategemea set.seed (inayoweka mbegu ya bahati nasibu) na sample (inayochagua kwa bahati nasibu), kumbuka R 3.6.0 ya mwaka 2019 ilibadilisha namna sample inavyochagua, mbegu ileile inaweza ikatoa sampuli nyingine kwa mtu mwenye R ya zamani.

Sasa maonyo yako. Lile la ASCII, nina uhakika karibu kamili kwamba limetokana na neno ng'ombe. Herufi zote za Kiswahili ziko ndani ya ASCII, ila ukinakili "ng’ombe" kutoka Word ile alama ya juu inakuja imepinda, na hiyo iliyopinda haimo. Iliyonyooka ' imo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha usiku saa sita, tumia tools::showNonASCIIfile kwenye kila faili la R, itakuonyesha mstari wenyewe. Na angalia pia majina ya safu kwenye data yako ya mfano, maana mtu akiandika ng'ombe kwa kibodi yake na safu yako ina ile iliyopinda, ataambiwa haipo wakati anaiona kwa macho yake, atateseka sana.

Noti mojawapo huenda ni New submission, hiyo iache, kila pakeji mpya inaipata. Ya maneno yanayodhaniwa yamekosewa nayo ni kawaida, mfano Horvitz ni jina la mtu, eleza kwenye maelezo unayotuma na pakeji. "No visible binding" tafuta jina la safu uliloliacha likielea ndani ya fankisheni. Nyingine zishughulikie zote, usiache noti kwa sababu tu haina neno kosa.

Faili la DESCRIPTION, lile linaloitambulisha pakeji, lisome kwa sauti. Maelezo yasianze na "This package", majina ya programu nyingine yawe ndani ya alama moja za nukuu, kama unatumia mbinu iliyochapishwa taja chapisho. Kila ukurasa wa msaada useme fankisheni inarudisha nini. Mifano iwe ya sekunde chache, na kama mfano unaandika faili basi uliandike kwenye tempdir(), folda ya muda, usimwagie mtu mafaili kwenye Documents yake, hilo CRAN hawalikubali na wako sahihi. TRUE iandike nzima, usiandike T. Ukibadilisha par au options, yaani mipangilio ya mtumiaji, irudishe kwa on.exit.

Data za mfano tafadhali zisiwe za kaya halisi ulizozitembelea, hata ukifuta majina. Kijiji, idadi ya watoto na aina ya paa vinatosha jirani kumjua mwenye nyumba. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata isingekuwepo, yule mama alikufungulia mlango wake kwa utafiti mmoja. Tengeneza kaya za kubuni, useme wazi ni za kubuni.

Imeili ya mtunzaji usiweke ya chuo. Utahitimu, wataifunga, CRAN wakikutafuta wasikupate pakeji inaweza kuondolewa na kuishia kwenye hifadhi ya pakeji za zamani. Weka yako utakayokuwa nayo miaka kumi.

SWALI: Kaka habari. Nina pakeji ya kuchora grafu za bei za samaki, nataka kuiachia huria lakini naogopa kampuni itaichukua iuze. Nichague leseni ya GPL au ya MIT? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Zote mbili zinaruhusu kuuza, usidanganyike hapo. Tofauti ni kwamba MIT inamruhusu mtu aiweke ndani ya programu yake aifunge, mradi abaki na tamko lako la hakimiliki. GPL inasema ukiisambaza, iwe umeibadilisha au la, lazima msimbo uutoe chini ya masharti yaleyale. R yenyewe iko chini ya GPL. Kwa hofu uliyonayo mimi ningechukua GPL-3. Ila kabla ya leseni jiulize uliiandika kwa muda wa nani, kama ni kazini kwa kompyuta ya mwajiri basi pata ruhusa yake kwa maandishi kwanza, na kama umenakili kipande cha mtu mwingine jina lake liingie kwenye Authors@R, sehemu ya waandishi kwenye DESCRIPTION.

SWALI: Je maelekezo naweza kuandika kwa Kiswahili? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Unaweza, na nakuomba ufanye hivyo. DESCRIPTION iache kwa Kiingereza kwa sababu wanaokagua ndio wanaoisoma, lakini ule mwongozo mrefu wa mfano kwa mfano, vignette, uandike kwa Kiswahili, na ujumbe wa makosa unaweza kutafsiriwa kupitia folda ya po kwa faili la R-sw.po. Afisa wa wilaya anayekutana na "uzito hauwezi kuwa hasi, angalia mstari wa 41" anajua pa kwenda. Mpe mtu mmoja ambaye hajawahi kuiona pakeji afuate mwongozo mbele yako, wewe kaa kimya, usimsaidie, andika kila anaposimama.

Na wa Morogoro, nimesahau: kabla ya kutuma ijaribu kwenye Windows kwa check_win_devel ya pakeji ya devtools, majibu yanakuja kwa imeili. Ukituma CRAN wanakutumia kiungo cha kuthibitisha, usipokibonyeza haijaenda. Wakiirudisha rekebisha, ongeza namba ya toleo, eleza ulichorekebisha, tuma tena. Yangu ilirudi mara mbili, na mara zote mbili walikuwa wameona kitu cha kweli. Ikiingia niandikie jina lake, nitaiweka kwenye mashine yangu siku hiyohiyo.