Mdogo wangu, kibali changu kinaisha Oktoba

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza mambo mawili kwa mkupuo: kwanza, ni kweli kibali changu cha kazi kinaisha Oktoba hii ya 2025, na mbona nimekaa kimya, pili, umepata chuo huku Ontario, Kanada, cha kusomea menejimenti ya hoteli, je, uje? Najibu yote. Ila usimsomee mama sehemu ya bohari.

Nilipomaliza chuo mwaka 2022 niliomba kibali cha kazi cha wahitimu. Hicho unapewa mara moja tu maishani, na kwa kozi ya miaka miwili kama yangu ni miaka 3. Barua ilipofika, tarehe ya mwisho ilikuwa Agosti 2024. Nikadhani wamekosea. Hawakukosea: pasipoti yangu ndiyo ilikuwa inaisha Agosti 2024, na kibali hakivuki tarehe ya pasipoti. Ikabidi nihangaikie pasipoti mpya kwa ubalozi wetu Ottawa, nilipe tena, niombe ile miezi niliyopunjwa. Nikaipata, hadi Oktoba 2025. Basi kabla hujauliza habari za baridi, fungua pasipoti yako uangalie tarehe.

Haya, bohari. Miezi 14 ya kwanza nilibeba boksi, kweli kabisa, zamu ya usiku, na mwisho wa wiki nasambaza chakula kwa gari la mkopo. Hela ilikuwa inaingia. Lile bati jipya la mama ni la usiku ule. Nilijiona mjanja kuliko wenzangu waliokuwa wanazunguka na vyeti kutafuta kazi ya ofisini. Kumbe ukaazi wa kudumu kwa njia ya waliofanya kazi hapa unataka mwaka mmoja wa kazi ya ujuzi, saa 1,560, na kazi zenyewe zimepangwa kwa madaraja ya ujuzi. Kubeba boksi hakumo. Kusambaza chakula nako hakumo, kwa sababu unahesabika umejiajiri. Saa ulizofanya kazi ukiwa bado mwanafunzi wa kutwa nazo hazihesabiwi. Jasho la miezi 14, kwa watu wa uhamiaji ni sifuri.

Januari 2024 ndipo nikapata kazi ya kuandaa mishahara kwenye kampuni ndogo. Dada wa utumishi alichukua namba yangu ya kazi, akaona inaanza na 9, akainua macho: "Hadi lini?" Namba ya mgeni wa muda huanza na 9 na ina tarehe yake. Kadi yangu ya matibabu ina tarehe hiyohiyo. Ukiwa na kibali cha muda, maisha yako yote yanaisha siku moja, kama mkate.

Mwaka wangu ukatimia Januari 2025, nikaingia kwenye foleni ya alama inayoitwa Express Entry, ambako wenye alama nyingi ndio huitwa kuomba ukaazi. Nikapata 476. Mwaka huu wanaoitwa kwa kigezo cha kazi ya hapa tu wamekuwa na zaidi ya 500. Mwezi Juni nikatimiza miaka 33. Nyinyi mkanitumia maua na keki za WhatsApp, mfumo ukanikata alama 6 kwa umri. Sasa nina 470. Ningeanza na kazi ya ofisini tangu mwanzo, hata kwa mshahara mdogo, leo ningekuwa na kama 38 zaidi. Hiyo hesabu huwa naipiga usiku, usingizi ukikataa.

Kuna Mrundi mmoja tuliyebeba naye boksi. Alikuwa mwalimu Bujumbura, Kifaransa chake cha shuleni. Alifanya mtihani wa lugha, akaonyesha zaidi ya dola 14,000 benki, akaitwa akiwa na alama chache kuliko mimi. Wanaojua Kifaransa wana mlango wao tangu 2023. Februari 2024 mlango ule ulishuka hadi alama 336. Mimi niliyekuwa nikimtania lafudhi yake ndiye sasa nakaa jioni na daftari, nakunja midomo kutamka "u" yao. Nimechelewa, najua. Nimejiandikisha mtihani wa Septemba hivyohivyo.

Watu wana ushauri mwingi. Mmoja alinipigia simu, ananiuzia barua ya mwajiri, yaani idhini ya serikali ya kumwajiri mgeni, kwa dola 30,000. Ada ya serikali ya barua ile ni dola 1,000, analipa mwajiri, na haruhusiwi kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Isitoshe, tangu Machi 2025 barua hiyo haiongezi alama hata moja kwenye foleni. Mwingine anasema nijilipue, niombe ukimbizi. Nimekimbia nini Tanga, mbu? Kuna watu wametoka Goma na mikasa ya kweli, wako kwenye foleni hiyohiyo ya ukimbizi. Sisimami mbele yao na hadithi ya kutunga. Wa tatu anasema nipotelee tu mjini. Huyo hata sikumjibu.

Ninachoweza kufanya kihalali ni hiki: nikialikwa na kutuma maombi ya ukaazi kabla ya tarehe, kuna kibali cha kuvukia wakati unasubiri jibu. Ukituma kabla kibali cha sasa hakijaisha, unaendelea na kazi. Ukichelewa una siku 90 za kuomba urejeshewe hadhi, na siku hizo kazi hugusi. Ndiyo maana tarehe yangu ya kuamua ni mwisho wa Septemba. Nauli nimeshaitenga kwenye akaunti nyingine nisije nikaila.

Sasa wewe. Walioomba kibali cha masomo tangu Novemba 2024, wakimaliza stashahada za vyuo vya kati, wanapata kibali cha kazi kama walichosoma kimo kwenye orodha: afya, kilimo, ufundi, sayansi na vinginevyo vichache. Menejimenti ya hoteli haimo. Utalipa ada, utaonyesha dola 22,895 za kujikimu kwa mwaka, utahitimu, halafu utaambiwa kwaheri. Wakala wako wa huko Dar hakukwambia kwa sababu kamisheni yake inatoka chuoni. Ukipata uuguzi, tuzungumze upya. Na anza Kifaransa leo, hapohapo Tanga.

Mama mwambie tu kile chumba cha uani asikipangishe mpaka Novemba.