Mzee yuko ICU, mapafu yamezidiwa: maswali yenu

Shikamoo Daktari. Baba ana miaka 78, anapumulia mashine kwa sababu ya nimonia ya mapafu yote mawili. Tumeambiwa nafasi yake ni nusu kwa nusu. Hiyo nusu inatoka wapi? (Binti, Tanga)

Marahaba mwanangu, pole sana. Mwaka 2014, ICU 459 za nchi 50 zilifuatilia wagonjwa ambao mapafu yao yalivimba na kujaa maji ghafla. Waliokuwa na hali nzito kabisa, 46 katika kila 100 walifia hospitalini. Hao walikuwa watu wazima wa kila rika, na wazee hufariki zaidi ya vijana. Wakati wa UVIKO-19, hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, zilipoteza karibu nusu ya wagonjwa mahututi ndani ya siku 30. Kwa hiyo daktari wenu hakubahatisha. Ila hesabu hiyo inahusu wagonjwa wengi wanaofanana na baba, haisemi yeye ataangukia upande gani. Kila asubuhi ulizeni mambo matatu: oksijeni anayohitaji inapungua? Figo zinatoa mkojo? Presha inasimama bila dawa ya kuipandisha? Majibu ya siku tatu mfululizo yatawaeleza zaidi ya ile nusu ya siku ya kwanza.

Kwa mama wa miaka 83, si umri umeshaamua? (Mombasa)

Hapana, na jambo hili linaniuma, maana nimeona wazee wakikatiwa tamaa mlangoni. Kipimo cha APACHE II, cha kukadiria hatari ya mgonjwa wa ICU, kinachotumika tangu 1985, kina alama hadi 71; zikizidi, hatari inazidi. Kuwa na miaka 75 au zaidi kunachangia alama 6 tu. Nyingine zinatokana na presha, upumuaji, figo, fahamu na maradhi ya muda mrefu.

Kasoro yake ni kwamba hakiulizi mama aliishije kabla ya kuugua. Hilo linapimwa na kipimo cha udhaifu kilichobuniwa Kanada, cha daraja 1 hadi 9, kinachotazama hali ya mgonjwa wiki kama mbili kabla ya ugonjwa. Utafiti wa Ulaya uliohusisha zaidi ya wagonjwa 5,000 wa miaka 80 na kuendelea uliona kuwa wale dhaifu walifariki zaidi ndani ya siku 30. Basi waelezeni madaktari ukweli. Alikuwa akienda sokoni mwenyewe? Alikuwa akiogeshwa? Najua mapenzi hutufanya tuseme "alikuwa mzima kabisa", lakini jibu hilo humnyima mama uamuzi unaomfaa.

Hatuna kipimo cha gesi za damu, kinachoonyesha oksijeni iliyomo ndani ya damu. Tutajuaje ukubwa wa tatizo? (Muuguzi, Kigoma)

Mwenzangu, njia ipo, na ilianzia kwa majirani. Watafiti waliofanya kazi Kigali walichapisha mwaka 2016 namna ya kutambua mapafu yaliyovimba na kujaa maji kwa kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni na ultrasaundi ya mapafu. Mwaka 2023 wataalamu wa kimataifa nao walikubali kipimo cha kidoleni. Gawanya asilimia ya kidoleni kwa sehemu ya oksijeni katika hewa anayovuta (asilimia 60 ni 0.6): 90 kwa 0.6 ni 150. Jibu likiwa 315 au chini, huku kidole kikisoma 97 au chini, mapafu yanaweza kuwa yameingia hatarini. Angalizo moja: kwenye ngozi nyeusi kipimo hicho mara nyingine husoma juu kuliko hali halisi. Mtazame mgonjwa, usitazame namba peke yake.

Tena, ubashiri hubadilika kwa huduma. Katika utafiti uliofanyika hasa Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2013, wagonjwa mahututi wa mashine ya kupumulia waliolazwa kifudifudi angalau saa 16 kwa siku walifariki 16 katika kila 100 ndani ya siku 28. Waliolala chali, karibu 33. Kazi hiyo inataka mikono ya wauguzi waliofunzwa.

Akipona atarudi kama zamani? (Dodoma)

Wengine hurudi. Wengi hubaki na misuli iliyolegea na kumbukumbu zinazopotea kwa miezi, pengine mwaka au zaidi. Mazoezi yaanze akiwa bado wodini.

Ndugu wanasema kuuliza kama babu atakufa ni kumchuria. (Mjukuu, Lamu)

Humchurii, mjukuu wangu. Ombeni kikao na daktari, mkubaliane mashine ijaribiwe kwa siku kadhaa zinazojulikana, kisha mkae tena mtazame hali. Kwenye kikao hicho aende yule aliyewahi kumsikia babu akisema angependa kuuguzwa vipi.