Kwa wewe unayeitwa "yule wa makaratasi" kwenye kliniki ya mama na mtoto

Wiki iliyopita binti mmoja kaniandikia ujumbe mrefu. Amesomea kumbukumbu za afya ngazi ya cheti, kapata nafasi ya kujitolea kwenye kituo cha afya, na kapangiwa ofisi ya muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Tangu afike anaita majina kwenye foleni, anabeba mzani, anafagia, na jioni anakabidhiwa rundo la vitabu ajumlishe. Manesi wanamwita "yule wa makaratasi". Anauliza avumilie au akatafute hospitali kubwa yenye kompyuta.

Mdogo wangu, usiondoke. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wengi wanaonisoma wanataka unachokitaka wewe: ajira ya kudumu, kisha meza kwenye ofisi ya takwimu ya wilaya, halafu mkoa. Njia hiyo nimeipita kwa miguu yangu, na jina hilo nimeitwa.

Mimi nilianzia kwenye kituo kimoja cha Kanda ya Ziwa, ofisi ya aina hiyo hiyo. Meza moja, wauguzi wawili, kabati lisilo na kufuli, na vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, vimepangwa dirishani: namba 6 cha wajawazito, namba 7 cha watoto, namba 8 cha uzazi wa mpango, namba 13 cha waliojifungua. Siku ya gulio foleni inafika barabarani. Muuguzi anachoma chanjo, anaandika kadi ya mama, anapiga kijiti kwenye karatasi ya kujumlishia, anaita mwingine. Kitabu je? "Tutajaza baadaye." Hiyo baadaye ndiyo iliyonitoa machozi.

Siku moja ikaja timu ya usimamizi kutoka wilayani. Wakachukua dozi ya tatu ya Penta, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, ya robo iliyopita, wakahesabu kwenye karatasi za vijiti, wakahesabu kwenye Kitabu namba 7, wakalinganisha na ripoti tuliyopeleka. Ripoti na vijiti vinafanana, kitabu kiko chini sana. Kwa macho ya mkaguzi hapo kuna jambo moja tu: mmepika takwimu. Kiongozi wetu, mbele ya watumishi wote na wageni, akanyoosha kidole: "Muulizeni huyo wa makaratasi, sisi tunatibu." Nilisimama pale sina la kusema. Hakuna aliyenitetea, hata muuguzi niliyekuwa nambebea sanduku la chanjo kila safari ya mkoba. Sitaki kudanganya kwamba yameisha moyoni. Hayajaisha.

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho kilichonifikisha nilipo. Nilichukua karatasi za vijiti za miezi ile mitatu, siku baada ya siku, nikaziweka kando ya kitabu. Siku za kliniki ya kituoni tofauti ilikuwa ndogo. Siku za huduma za mkoba, ambapo tulikuwa tunakwenda kuchanja vitongoji vya mbali, kitabu hakikuwa na jina hata moja. Watoto walichanjwa kweli. Majina yao yaliandikwa kwenye karatasi za daftari, karatasi zikabaki kwenye mfuko wa koti la muuguzi, koti likaenda kufuliwa. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na chanjo ya mtoto ni mali kuliko ng'ombe.

Niliandika maelezo ya ukurasa mmoja nikampelekea Mratibu wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa wilaya. Kituo hakikuniomba radhi, lakini mratibu alipopata nafasi ya mtu wa takwimu alinikumbuka mimi.

Sasa sikiliza. Jambo la kwanza, la pili na la tatu ni moja: kitabu kijazwe mama angali amekaa mbele yenu. Akinyanyuka, habari imenyanyuka naye. Kama muuguzi amezidiwa, hapo ndipo kazi yako ilipo. Usikae nje kuita majina tu, vuta kiti kando yake. Yeye achanje na aandike kadi, wewe ujaze kitabu kutoka kwenye kadi hiyo hiyo kabla haijarudi mkononi mwa mama. Kwenye mkoba beba kitabu chenyewe. Kikishindikana, beba daftari lililojalidiwa, kamwe si karatasi za kuchana, na uhamishe siku hiyo hiyo kabla hujala.

Usitegemee jina. Kwetu kule mapacha wote ni Kulwa na Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Fungua Kitabu namba 7 uone Kulwa wangapi, wengine wameandikwa Kurwa. Ukimtafuta mtoto kwa jina utampa mwenzake chanjo. Namba ya usajili kwanza, jina kamili la mama, tarehe ya kuzaliwa, kitongoji, na jina la mwenyekiti wa kitongoji. Simu andika, lakini uliza ni ya nani. Nyingi ni za mume au jirani, na ukipiga ovyo kumweleza jirani kwamba mama fulani hakurudi kliniki, umeshavunja nyumba.

Na saa! Mama anakwambia alijifungua saa nane usiku, mtu anaandika 08:00. Ni 02:00. Kwenye kumbukumbu za uzazi saa sita za tofauti zinaweza kumfanya daktari afuate mkondo mwingine kabisa. Ukikosea kuandika, usipake tipeksi. Piga mstari mmoja juu ya kosa lisomeke bado, andika lililo sahihi, weka saini na tarehe.

Kitu ninachojivunia kuliko vyote ni sanduku la marudio. Nilichukua boksi gumu, nikaweka vigawanyo 12, kimoja kwa kila mwezi. Kila mtoto ana kijikaratasi chake, na kinakaa kwenye mwezi anaotakiwa kurudi. Aliyepata Penta ya kwanza wiki ya 6 anatakiwa wiki ya 10, kisha wiki ya 14, halafu chanjo ya surua na rubela miezi 9 na tena miezi 18. Akija, kijikaratasi kinahamia mwezi unaofuata. Mwezi ukiisha, vilivyobaki nyuma ya kigawanyo ndio watoro wako, kwa majina na vitongoji. Unampa mhudumu wa afya ngazi ya jamii orodha na anajua aanzie nyumba ipi. Haihitaji umeme wala bando.

Mama mmoja alitujia nyumba yake imesombwa na mafuriko, kadi zote zimekwenda na maji. Kwingine angeambiwa mtoto aanze upya. Sisi tulifungua kitabu, tukamkuta, tukaandika kadi mpya yenye tarehe zake zote, na mtoto akapata alichobakiza tu. Mama yule alinishika mkono akaniita daktari. Mimi si daktari, lakini siku hiyo nilijua kazi yangu ni ya kutibu, na hakuna atakayenitoa kwenye imani hiyo.

Nina neno pia kuhusu siri, na hapa sibembelezi. Kitabu namba 6 kina majibu ya VVU na kaswende ya mama, na ya mwenzi wake. Kikiachwa wazi mezani huku foleni ya majirani inachungulia, hiyo si bahati mbaya, ni ukatili. Vilevile nawaona mnaopiga picha kurasa za vitabu na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp "ili tujumlishe haraka". Acheni. Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inalinda siri hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Tuma jumla, usitume majina. Dai kufuli la kabati kwa maandishi, na nakala ya barua ubaki nayo.

Wauguzi mnaonisoma, msikasirike. Najua mmoja wenu anafanya kazi ya watatu, na najua jokofu la chanjo linawangoja mlisome asubuhi na jioni, hata Jumapili, lisitoke kati ya nyuzi 2 na 8. Lakini msimwite mtu kwa dharau halafu mwezi ukiisha mmtegemee awaokoe. Mfundisheni, mketi naye. Anayejua kwa nini Penta ya kwanza ikiwa 80 na ya tatu 68 mmepoteza asilimia 15 ya watoto wenu, na kwamba ikizidi 10 kuna tatizo, huyo ni mwenzenu.

Ndiyo maana nakwambia mdogo wangu usikimbilie kompyuta. Mfumo wa DHIS2, ule wa kompyuta wa kutumia takwimu za afya kutoka vituoni, unapokea kilichoandikwa kwenye kitabu. Kitabu kikiwa kibovu, kompyuta itafikisha ubovu huo wizarani kwa kasi zaidi, basi. Anayejua uchafu wa takwimu unapoanzia ndiye wilaya inamhitaji, na uchafu unaanzia hapo ulipo, kwenye meza ya muuguzi.

Mwezi huu fanya hivi. Ripoti inatakiwa wilayani kufikia tarehe 7, kwa hiyo tarehe 2 au 3 mwombe muuguzi mketi pamoja, si kwa lawama, mwambie "dada, nisaidie tulinganishe". Hesabu Penta ya kwanza na ya tatu kwenye vijiti, kwenye kitabu, na kwenye fomu ya ripoti. Zisipolingana, tafuteni siku ambayo tofauti ilitokea kabla hamjasaini. Kisha jaza chati ya ufuatiliaji wa chanjo ukutani kwa kalamu mbili za rangi tofauti, na omba dakika tano kwenye kikao cha watumishi uieleze mwenyewe. Wakikataa mwezi huu, omba tena mwezi ujao. Na kila ripoti unayoiandaa, tunza nakala yenye jina lako. Usaili wa kazi ukifika, ndizo utakazoziweka mezani.