Panchi ya Ramu: Pima, Usikadirie

Wiki hii msomaji mmoja ameniuliza kwa nini panchi yake ya ramu, yaani kinywaji cha pombe ya miwa iliyochanganywa na juisi, hupendeza macho tu, wageni wakaiacha kwenye glasi. Ujumbe ule niliusoma mara mbili. Yalinikuta mimi.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya joto kali, nilialika watu kumi na wawili. Nikamimina ramu kwa kukadiria, juisi ya pakiti, shira nyekundu ya dukani, kisha nikajaza barafu hadi ukingoni mwa jagi. Rangi ilivutia mno! Nusu saa baadaye barafu yote ilikuwa imeyeyuka, yamebaki maji matamu yanayonuka pombe. Shemeji yangu akaomba soda. Aliomba kwa upole, na upole ule bado unaniuma.

Majaribio yaliyofuata nayaruka. Kilichoniokoa ni kanuni ya zamani ya Barbados, kisiwa kinachotengeneza ramu tangu karne ya 17. Wenyewe huikariri kama shairi: moja ya uchachu, mbili za utamu, tatu za ukali, nne za wepesi. Yaani kipimo kimoja cha maji ya ndimu, viwili vya shira, vitatu vya ramu, vinne vya maji au juisi. Mimi huweka maji mawili na juisi ya nanasi mbili, na shira naipunguza kidogo, maana nanasi lina sukari yake. Shira ni sukari na maji sawa kwa sawa, ichemshwe mpaka sukari iyeyuke, ipoe. Ongeza matone machache ya Angostura, kiungo kichungu cha vinywaji, ile chupa ndogo ya Trinidad ambayo karatasi yake ni kubwa kuliko yenyewe, na kungumanga ikunwe juu ya glasi palepale.

Ndugu zangu, ndimu ikamuliwe siku hiyohiyo. Ya chupa imekufa. Na pimeni! Kikombe chochote kinafaa, mradi kiwe kilekile. Jagi likae kwenye friji kwa muda wa saa mbili bila barafu. Barafu iingie kwenye glasi, vipande vikubwa, vinavyochelewa kuyeyuka. Utamu huficha ukali, kwa hiyo anayeendesha gari mtengenezee yake isiyo na ramu.

Jumamosi iliyopita shemeji yuleyule alikuja. Glasi ya kwanza aliinywa kimya, kisha akainuka mwenyewe kwenda kwenye friji kulitafuta jagi.