Msalaba, kura na kodi: majibu kwa maswali yenu kuhusu Ukristo na siasa za Magharibi

Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba huwezi kuzielewa siasa za Ulaya na Marekani bila kujua kanisa limepita wapi na limeacha nini. Barua zimekuja nyingi, nyingine kali. Nimechagua saba na baadhi nimezifupisha.

Noti ya dola imeandikwa kwamba wanamtumaini Mungu, lakini nasikia shule za serikali huko haziruhusiwi kuongoza sala. Sasa Marekani ni taifa la Kikristo au sivyo? – Mwalimu mstaafu, Morogoro

Shikamoo mwalimu. Maneno hayo si ya kale kama watu wanavyodhani. Yaliingia kwenye sarafu mwaka 1864, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, na yakawa kaulimbiu rasmi ya taifa mwaka 1956 tu, siku ambazo Marekani ilikuwa inashindana na Urusi ya kikomunisti. Miaka miwili kabla yake, Bunge lilikuwa limechomeka "chini ya Mungu" katika kiapo cha bendera ambacho watoto hukisema shuleni. Waasisi wenyewe waliandika katiba ambayo Mungu hatajwi ila kwenye tarehe ya mwisho, kwa mtindo wa uandishi wa zamani. Kifungu chake cha 6 kinakataza mtu kupimwa kwa dini yake ili apewe cheo cha serikali.

Lakini usiseme haraka kwamba hiyo ni kazi ya wasioamini. Miongoni mwa waliopigania kanisa na serikali vitengane walikuwamo Wabaptisti. Kule Virginia wahubiri wao walitiwa ndani kwa kuhubiri bila kibali. Kule Connecticut, Mbaptisti alitakiwa awe na cheti ndipo asamehewe kodi ya kulisha kanisa lisilo lake. Wabaptisti wa Danbury ndio waliomwandikia Rais Thomas Jefferson, naye akawajibu mwanzoni mwa 1802 kwa ile kauli inayonukuliwa mpaka leo, ya ukuta kati ya kanisa na serikali. Kwa hiyo Mahakama ya Juu ilipotoa hukumu ya shule mwaka 1962, mtoto hakukatazwa kusali. Serikali ndiyo iliyokatazwa kumtungia sala. Watu wa nchi ile wengi ni Wakristo, serikali yao si ya Kikristo, na waumini wamechangia sana kuifanya iwe hivyo.

Mnatuambia Ukristo ulikomesha utumwa. Walionunua watu si walikuwa Wakristo hao hao, Biblia mkononi? – Kaka wa Kisauni, Mombasa

Walikuwa hao hao, kaka, wala sitalipamba hilo. Kuanzia 1710 shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lilimiliki mashamba ya miwa ya Codrington kisiwani Barbados. Watumwa wa mashamba yale walichomwa kifuani kwa chuma cha moto, alama ikisomeka SOCIETY, yaani mali ya Shirika. Sinodi kuu ya kanisa hilo iliomba radhi mwaka 2006.

Kuna kitu kingine kinachonisumbua zaidi. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia maalumu ya watumwa wa visiwa vya Karibi. Ukiifungua kitabu cha Kutoka, unakuta habari za Musa kuwatoa Waisraeli Misri zimeondolewa. Wagalatia, pale pasemapo hapana mtumwa wala mtu huru, napo pamekatwa. Waefeso, "enyi watumwa, watiini", pameachwa. Mtu hakati kurasa za kitabu asichokiogopa. Waliokata walijua kabisa maneno yale yangefanya nini yakimfikia aliyefungwa mnyororo.

Na yaliwafikia. Sam Sharpe alikuwa mtumwa na shemasi wa Kibaptisti huko Jamaika. Krismasi ya 1831 aliwaongoza wenzake kugoma wasikate miwa bila ujira. Mgomo ukageuka uasi, mamia wakauawa, naye akanyongwa Mei 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuufuta utumwa katika makoloni yake mengi. Ukitajiwa William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyeongoza vita dhidi ya biashara ya watumwa bungeni, mtaje na Sharpe.

Upande wa London, kamati ya kupinga biashara ya watumwa iliundwa Mei 1787 katika duka la mpiga chapa. Walikuwa watu 12, na 9 kati yao walikuwa wa Kanisa la Marafiki, Waquaker, ambao wasomaji wangu wa Vihiga na Kakamega wanawajua vizuri. Wao hawakuweza kuingia bungeni kwa sababu ya imani yao, ndiyo maana walimhitaji Wilberforce, Mwanglikana na mbunge. Miaka michache baadaye familia nyingi ziliacha kutia sukari ya Karibi kwenye chai, wanawake wakiwa mstari wa mbele. Bunge lilipiga marufuku biashara yenyewe mwaka 1807, miaka 20 tangu kamati ile ikutane.

Hata mwisho wake una doa. Fidia ya pauni milioni 20 ililipwa kwa wenye watumwa, na lile shirika la Codrington likapata zaidi ya pauni 8,000. Waliochomwa chuma hawakupewa hata senti.

Siku ukivuka Unguja, ingia kanisa la Mkunazini. Limejengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa 1873 baada ya Waingereza kumtishia Sultani Barghash kwamba watakizingira kisiwa kwa manowari. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni, mahali inaposimuliwa kwamba palikuwa na mti wa kuchapia watu. Nimesimama pale mara mbili, na mara zote mbili nimeshindwa kuimba.

Ni kweli maaskofu wanakaa bungeni Uingereza bila kupigiwa kura? – Kijana wa Kayole, Nairobi

Kweli. Maaskofu 26 wa Kanisa la Uingereza wana viti katika Nyumba ya Malodi, yaani baraza la juu la bunge lisilopigiwa kura, na mfalme ndiye mkuu wa kanisa hilo kwa sheria, jambo lililoanzia kwa Henry VIII mwaka 1534. Hata katika bunge la wabunge wa kuchaguliwa, kila kikao hufunguliwa kwa sala, wabunge wakiwa wamegeukia ukuta. Mbunge anayetaka kujiwekea kiti siku yenye msongamano hutumia kadi ya sala, na kanuni inamtaka awepo wakati wa kusali. Mimi ningewaondoa maaskofu wale. Neno la askofu lina uzito wake hata bila kura bungeni.

Kwa nini vyama vikubwa vya Ulaya vinajiita vya Kikristo wakati makanisa yao ni matupu? – Mwanafunzi wa chuo, Bukavu

Kwa sababu vilizaliwa kwenye majivu ya vita. Chama cha CDU, yaani Umoja wa Kidemokrasia wa Kikristo, cha Ujerumani kilianza mwaka 1945, miji ikiwa vifusi. Wakatoliki na Waprotestanti wa nchi ile, waliokuwa na historia ndefu ya kutoaminiana, waliingia chama kimoja wakiwa na aibu moja: wachungaji wengi walikuwa wamemshangilia Hitler, na baadhi ya waliokataa, kama mchungaji Dietrich Bonhoeffer, walinyongwa.

Angalia watu watatu walioijenga Ulaya mpya. Konrad Adenauer wa Ujerumani alifukuzwa umeya wa Köln mwaka 1933 na baadaye akakamatwa na Wanazi. Robert Schuman wa Ufaransa alikamatwa na polisi wa siri wa Hitler mwaka 1940, akatoroka 1942. Alcide De Gasperi wa Italia alifungwa na Mussolini, na alipotoka akapata kazi katika maktaba ya Vatikani. Wote Wakatoliki wa kusali, wote wanajua Kijerumani. Schuman aliposimama tarehe 9 Mei 1950 kupendekeza makaa ya mawe na chuma cha Ufaransa na Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, alikuwa anaomba msamaha na kuutoa kwa lugha ya viwanda. Hivyo ndivyo ninavyomsoma, na ninaamini sikosei.

Mafundisho waliyoyabeba yalikuwa ya waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891: mshahara umtoshe mfanyakazi na familia yake, na wafanyakazi wana haki ya kuungana. Baadaye, mwaka 1931, Papa Pius XI akasisitiza kwamba jambo linaloweza kumalizwa kijijini lisipelekwe wilayani. Kanuni hiyo utaikuta katika mkataba wa Maastricht wa 1992, ulioanzisha Umoja wa Ulaya. Waumini wamepungua sana, hilo ni kweli, na leo hata Mwislamu anaweza kuwa mwanachama wa CDU. Jina limebaki kama jina la ukoo.

Tumsifu Yesu Kristo. Ireland ilikuwa nchi ya wamisionari. Imekuwaje ikapiga kura kuruhusu utoaji mimba? – Katekista, Tabora

Milele amina. Hili linaniuma kama linavyokuuma, kwa hiyo nitalisema wazi. Katiba ya Ireland ya 1937 ililitambua Kanisa Katoliki kuwa na nafasi ya pekee, maneno yaliyofutwa kwa kura ya mwaka 1972. Talaka ilikatazwa na katiba hadi 1995. Kanisa lilishika shule, hospitali na dhamiri za wanasiasa.

Na lilishika nyumba za kufulia. Wanawake wapatao 10,000 walipita humo tangu 1922: waliopata mimba nje ya ndoa, mayatima, wasichana waliodhaniwa wataharibika. Walifua mashuka ya hoteli na ya ofisi za serikali bila mshahara, masista wakiwasimamia, na wengine walibadilishwa hata majina. Nyumba ya mwisho ilifungwa 1996. Waziri Mkuu Enda Kenny aliwaomba radhi bungeni Februari 2013. Juu ya hayo zikaja habari za mapadre waliodhulumu watoto na wakubwa waliowaficha.

Mwaka 2018 asilimia 66 ya wapiga kura walikubali kuondoa katazo la utoaji mimba. Mimi nashikilia fundisho la kanisa kuhusu uhai. Lakini kanisa lile liliposimama kumtetea mtoto aliye tumboni, watu walikumbuka lilivyowatenda akina mama na watoto waliokwisha kuzaliwa. Hakuna aliyelipokonya sauti yake.

Assalamu alaikum. Ufaransa inasema serikali yake haina dini, lakini Krismasi ni mapumziko na hijabu imekatazwa shuleni. Hiyo ni haki? – Msomaji mwenye asili ya Unguja, Muscat

Waalaikumu salamu. Si haki iliyonyooka. Sheria ya Desemba 1905 ilitenganisha dini na serikali, lakini katika sikukuu 11 za taifa, 6 zina asili ya Kikristo, hata Kupaa kwa Bwana na Kupalizwa Maria. Kule Alsace na Moselle, ambako mwaka 1905 kulikuwa chini ya Ujerumani, serikali inalipa mishahara ya mapadre, wachungaji na marabi hadi leo. Maimamu hawamo. Sheria ya 2004 inakataza pia msalaba mkubwa na kofia ya Kiyahudi katika shule za serikali, ila binti wa Kiislamu ndiye aliyebebeshwa mzigo. Mkristo anayenyamaza hapo asahau kwamba aliwahi kudai uhuru wa dini.

Kwenye karatasi yangu ya mshahara kuna makato ya kanisa. Sikuwahi kusaini popote. Nifanyeje? – Muuguzi, Stuttgart

Dada yangu, pole na kazi za zamu. Ulisaini, ila hukujua. Siku ulipojiandikisha makazi uliulizwa dini, ukaandika Mkatoliki. Tafuta herufi rk kwenye karatasi hiyo, Mprotestanti huwa na ev. Hiyo ni kodi ya kanisa. Wakuu wa Ujerumani walichukua ardhi za kanisa mwaka 1803, na katika karne ile kodi hii ikaanzishwa. Katiba inailinda. Jimboni kwako ni asilimia 8 ya kodi yako ya mapato, wala si ya mshahara wote: ukikatwa kodi ya euro 400, kanisa linapata 32. Zinalipa mishahara ya mapadre, majengo na chekechea, na sehemu hufika mpaka majimbo ya kwetu.

Kujiondoa hakufanyiki parokiani. Unakwenda ofisi ya serikali na kitambulisho, unasaini, unalipa ada. Lakini maaskofu wa huko walitangaza mwaka 2012 kwamba anayejiondoa hivyo hapokei sakramenti wala hawi mama wa ubatizo. Kwa hiyo kaa kwanza na paroko wako, na umpigie simu mama nyumbani kabla ya kwenda kusaini.